Maua ya Nyika: Kuzuru na Kulala Mkomazi Mvua Inapofika

Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi imetandaa katika nyika iliyo kaskazini mwa milima ya Usambara na Upare, ikipakana na Kenya na kuungana moja kwa moja na hifadhi ya Tsavo Magharibi. Sehemu yake ya magharibi iko wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro. Ya mashariki imeingia mkoa wa Tanga na kugusa vijiji vya tambarare vya wilaya ya Lushoto. Kwa mkazi wa Lukozi, huko juu milimani Usambara, hiyo ndiyo hifadhi ya jirani. Akipanda gari la Mtae na kufika ukingoni mwa mlima, huiona nyika yote chini yake, vilima vimesimama kimoja kimoja hadi macho yachoke. Miezi mingi ya mwaka rangi yake ni ya kijivu, na asiyeijua hudhani hakuna kinachoota huko ila miiba. Mvua ikinyesha, ardhi hiyohiyo huchanua. Namna inavyochanua, wakati wa kwenda kuiona, na jinsi ya kulala huko kwa usalama ndiyo mada ya mazungumzo haya.

Ukame wa Mkomazi umeletwa na milima yenyewe. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu. Ukifika Usambara hulazimika kupanda, na hewa inapopanda hupoa, na inapopoa huachia maji yake kwa njia ya ukungu na mvua. Amani, upande wa mashariki wa milima hiyo, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Mji wa Lushoto hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000. Hewa hiyo inaposhuka upande wa pili imekwisha kumwaga mzigo wake. Hupata joto kadiri inavyoshuka, na hewa ya joto hufyonza unyevu badala ya kuuachia. Zipo sehemu za nyika ya Mkomazi ambazo mvua yake ya mwaka mzima haifiki milimita 500. Joto nalo huongezeka kwa nyuzi sita hivi kila mtu anaposhuka mita 1,000. Ndiyo maana mtu anaweza kuondoka Lukozi asubuhi ya Julai akiwa amevaa koti zito, na saa sita mchana akawa anatafuta kivuli cha mgunga.

Mlima unaoinyima nyika mvua ndio huohuo unaoipa mto. Mto Umba huanzia katika msitu wa Shagayu, juu ya Mlalo, ukateremka hadi tambarare za Mng'aro na Lunguza ambako wakulima hulima mpunga kwa maji yake, kisha ukapita nyikani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga, upande wa Kenya. Kwa hiyo mlima na nyika ni nchi moja yenye sura mbili. Wazee wa Kishambaa waliliishi jambo hilo kwa vitendo: familia zilizokaa kandokando ya miteremko zilikuwa na mashamba juu na mashamba chini, ili upande mmoja ukikosa mavuno upande wa pili uwaokoe, na waganga walichuma dawa zao kotekote, mlimani na nyikani. Kuijua Mkomazi, kwa mtu wa Lukozi, ni kuijua nusu ya pili ya nchi yake mwenyewe.

Eneo hilo lilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 2008 likawa hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,245. Ardhi yake huanzia kiasi cha mita 230 juu ya usawa wa bahari, upande wa mashariki, na kupanda hadi vilima vya karibu mita 1,600 upande wa magharibi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kuchunguza viumbe wake, wakaorodhesha aina za mimea zaidi ya elfu moja. Wingi huo katika nchi kavu una sababu yake. Mkomazi iko karibu na mwisho wa ukanda mkavu unaoshuka kutoka Somalia na kaskazini mwa Kenya, na hapohapo ndipo unapokutana na miteremko ya milima yenye misitu. Mimea ya pande zote mbili imekutana mahali pamoja. Wanyama ni hivyohivyo: swala twiga, choroa, tandala mdogo na kanga tumbusi, ambao kwao hasa ni nchi kavu za kaskazini, huonekana hapa wakiwa karibu na mpaka wa kusini wa makazi yao.

Tanzania inayo hifadhi nyingine inayosifika kwa maua, nayo ni Kitulo, katika nyanda za juu kusini, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Iko kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi, hupata mvua nyingi na baridi kali, na maua yake, yakiwamo okidi za aina nyingi, huanza kuchanua kila mwaka kwa mpangilio unaojulikana, kuanzia mvua za Novemba na Desemba. Afrika Kusini nako kuna Namaqua, hifadhi ya nchi kavu inayovuta watu wengi kila Agosti na Septemba, wakati ardhi inapofunikwa na maua ya rangi ya chungwa yanayofunguka jua likiwaka tu. Huko mvua hunyesha majira ya baridi, mara moja kwa mwaka, ndiyo maana msimu wa maua hutabirika. Mkomazi haifanani na yoyote kati ya hizo. Mvua yake huja mara mbili, na mara zote mbili yaweza kuchelewa, kupungua, au kunyesha kwenye kilima kimoja na kukiruka kinachofuata. Ua la nyika hufuata mvua, halifuati kalenda. Ziara yoyote ya maua Mkomazi hupangwa kuanzia hapo.

Mimea ya nyika huukabili ukame kwa njia tatu, na kila njia ina maua yake. Njia ya kwanza ni kujiwekea akiba. Mbuyu huhifadhi maji katika shina lake. Msubili huyahifadhi katika majani yake manene, na maua yake mekundu au ya rangi ya chungwa husimama juu ya kikonyo kirefu katikati ya kiangazi, wakati ambapo ndege chozi hawana kwingine pa kupata asali. Mmea wa nyika unaopendwa kuliko yote ni Adenium, ambao wauza miche wa mijini huufahamu kama waridi la jangwani. Shina lake limevimba chini kama mtungi na kung'ang'ania kwenye ufa wa mwamba. Kiangazi kinapokolea huwa halina hata jani moja, na hapo ndipo linapochanua. Ua lake lina petali tano. Ukingoni ni za waridi iliyoiva, na rangi hupauka kuelekea ndani hadi kooni. Utomvu wake ni sumu kali, na wawindaji wa zamani katika nchi nyingi za Afrika waliupaka kwenye mishale. Mgeni haruhusiwi kuukata, na hata akiugusa ni vyema anawe mikono.

Njia ya pili ni kujificha. Mimea yenye matunguu, yaani mashina mafupi yaliyonenepa mfano wa kitunguu, hukaa chini ya udongo miezi na miezi bila dalili yoyote juu. Mvua ya kwanza ikilowesha udongo, kikonyo huchomoza kabla ya majani, na ndani ya siku chache ua huwa limefunguka. Miongoni mwake ni yungiyungi jekundu la mviringo, lenye maua madogo mengi yaliyokusanyika kichwani na kuwa mpira mmoja wa mbelewele. Mbegu nazo hujificha vivyo hivyo. Kuna mimea ya msimu mmoja ambayo mbegu zake hulala udongoni miaka kadhaa, zikingoja mvua ya kutosha, si manyunyu ya kupita. Mbegu nyingi zina ganda lenye kemikali inayozuia kuota, na ni maji mengi tu yanayoweza kuisafisha. Kwa namna hiyo mbegu haidanganywi na mvua ya siku moja. Hata mvua nzuri inapokuja haziamki zote. Nyingine hubaki zimelala kwa ajili ya mwaka ujao, ili msimu ukiharibika katikati kizazi kisiishe.

Njia ya tatu ni kuvumilia. Migunga na mimea ya jamii ya Commiphora, ile inayotoa utomvu wenye harufu ya ubani, hupukutisha majani yote ili isipoteze maji. Baadhi ya Commiphora zina gome la kijani chini ya ngozi inayobanduka mfano wa karatasi, na gome hilo huendelea kutengeneza chakula hata majani yakiwa hayapo. Kikwata, mti wenye miiba iliyopinda inayomshika mpita njia nguo, hutoa maua meupe yenye harufu tamu mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Nyuki humiminika kwake, na asali ya nyika inayosifiwa sana hutokana kwa sehemu kubwa na miti ya namna hiyo.

Kwa hiyo mtu akiufuatilia msimu tangu mwanzo ataona maua yakipokezana zamu. Zamu ya kwanza ni ya Septemba na Oktoba, kukiwa bado kukavu: waridi la jangwani, kikwata, na baadhi ya migunga. Mibuyu hufuata mvua za vuli zinapokaribia au kuanza. Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, linaning'inia kichwa chini, na hufunguka magharibi jua linapozama. Harufu yake si ya kuwapendeza watu. Ni ya kuwaita popo na komba, ambao huja usiku kunywa asali na kuondoka na chavua usoni. Kesho yake ua huanza kubadilika rangi kuwa la hudhurungi, kisha huanguka. Mwenye kutaka kuliona lazima awe kambini jioni, na hiyo ni sababu moja tosha ya kulala hifadhini badala ya kupita mchana.

Zamu ya pili huanza siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza: matunguu huchomoza, na miti iliyokuwa mitupu huvaa majani kwa haraka ya ajabu. Wakati huohuo, au kabla yake kidogo, huchanua mti mmoja ambao mtu wa mjini atautambua kwa undugu wake na mkrismasi, ule mti wa maua mekundu unaopandwa kandokando ya barabara. Ndugu yake wa nyika ana maua meupe yanayogeuka manjano kadiri yanavyozeeka, hivyo tawi moja hubeba rangi mbili. Mti huo huonekana kwa wingi hata kandokando ya barabara kuu katika nyika ya Same.

Zamu ya tatu, kiasi cha wiki mbili hadi sita baada ya mvua kuanza, ndiyo kilele. Sehemu kubwa ya maua ya wakati huo yako chini kabisa, hivyo anayebaki ndani ya gari hayaoni. Mkulima wa Lukozi atakutana huko na jamaa wa mazao yake mwenyewe: maua ya zambarau na meupe ya jamii ya kiazi kitamu yakitambaa juu ya vichaka, na maua ya manjano yenye doa jeusi kati, ya jamii ya bamia na pamba. Mbigili, unaojulikana zaidi kwa kuchoma nyayo na kutoboa matairi ya baiskeli, wakati huo hutandika udongo mwekundu kwa maua ya manjano yenye petali tano. Kando yake hupatikana ua dogo la buluu la jamii ya Commelina, ambalo lastahili kuinamiwa. Petali zake mbili ni pana na za buluu iliyokolea, ya tatu ni ndogo na imefifia. Hutoka ndani ya jani lililokunjwa, na jani hilo likibinywa taratibu hutoa tone la ute. Huo ndio unaokilinda kitumba kisikauke. Ua hufunguka alfajiri na kufikia mchana limekwisha kunyauka. Kesho hutoka jingine katika mkunjo uleule. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kati ya nyasi, hutokea maua meupe yaliyolegea, kana kwamba yametupwa chini na mtu. Mmea wake hujiunga na mizizi ya nyasi chini ya ardhi na kunyonya sehemu ya chakula chake humo, ndiyo maana haupatikani pasipo na nyasi. Juu ya yote hayo hupita vipepeo weupe kwa maelfu, ambao viwavi wao hula majani ya miti ya nyika.

Mvua za vuli kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuisha Desemba au mapema Januari. Za masika huanza Machi na kuisha Mei. Kwa makadirio, muda mzuri wa kuona maua ya chini ni kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Januari, na kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Makadirio hayo peke yake hayatoshi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa vuli na wa masika kabla ya kila msimu, na redio huutangaza. Anayepanga safari huanza na taarifa hiyo, kisha husubiri mvua yenyewe inyeshe, kisha huuliza watu wa nyikani. Madereva wanaoleta mchele kutoka Mng'aro na Lunguza, na wafugaji wanaoleta mbuzi mnadani, hujua mvua imenyesha wapi na lini. Mkazi wa Lukozi anayo nafasi ambayo mtalii wa mbali hana: wingu likisimama juu ya nyika siku tatu mfululizo, habari humfikia haraka, na wiki mbili au tatu baadaye anaweza kwenda. Anayetoka mbali na tarehe zake zimefungwa tangu mwanzo wa mwaka huenda akakuta vumbi.

Njia za kufika ni mbili. Ya kwanza ni ya lami kwa sehemu kubwa: kutoka Lukozi hadi Lushoto, kisha kuteremka kilomita 33 kupitia Soni hadi Mombo, halafu barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha kupitia Hedaru na Makanya hadi Same. Lango kuu la hifadhi, lango la Zange, liko kilomita chache tu kutoka mji wa Same, nalo ndilo lenye huduma nyingi zaidi kwa wageni. Njia ya pili ni ya kushuka kutoka Mlalo hadi Mng'aro, kwa barabara ya kona kali, halafu kupita tambarare za Lunguza, Mnazi na Kivingo upande wa mashariki. Njia hiyo ni fupi zaidi kwa macho, na ina mandhari nzuri, kwa maana msafiri hushuka kutoka kwenye kabichi na karoti hadi kwenye mpunga na mkonge katika safari moja. Ila wakati wa mvua, ambao ndio wakati wa maua, barabara zake hukatika. Asiyekuwa na gari imara na mwenyeji anayeijua njia ni heri azunguke kwa Mombo.

Gari linalofaa ndani ya hifadhi ni lile lililoinuka na lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Udongo mwekundu wa Mkomazi hupitika hata ukilowa, lakini udongo mweusi wa mabondeni hushika gari na kuliachia kwa shida. Tairi la akiba lenye upepo, jeki, koleo na kamba ni vitu vya lazima, na miiba ya nyika huhakikisha kwamba havibebwi bure. Watu wa Lukozi wakikusanyika, iwe ni shule, kikundi cha akina mama au vijana wa kanisa au msikiti, huweza kukodi gari pamoja na gharama ikagawanyika. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni cha chini sana kuliko cha wageni wa nje, na cha watoto ni cha chini zaidi, lakini kitambulisho lazima kiwepo. Malipo hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo inayotolewa na hifadhi. Fedha taslimu hazipokelewi langoni, hivyo ni vyema kupiga simu na kupanga mapema.

Kwa malazi kuna namna mbili. Anayetaka kitanda na chakula cha hotelini hulala mjini Same, kwenye nyumba za wageni za bei mbalimbali, na kuingia hifadhini alfajiri. Anayetaka nyika yenyewe hupiga kambi katika maeneo yaliyotengwa na hifadhi, kwa kibali. Vituo hivyo ni vya kawaida sana. Mgeni hubeba hema, godoro, chandarua, kuni au jiko la gesi, na chakula chake chote. Sokoni Lukozi huwa kuna viazi, karoti, kabichi na, msimu ukiwepo, mapeasi, navyo huhimili joto siku mbili tatu vikiwekwa kivulini. Maji ndiyo muhimu kuliko vyote. Mtu anayetoka kwenye baridi hana mazoea ya kunywa maji mengi. Nyikani kila mtu ahesabiwe si chini ya lita tano kwa siku kwa kunywa na kupika, na madumu ya ziada yawepo endapo gari litakwama.

Bwawa la Dindira, lililo katika sehemu ya magharibi ya hifadhi, ni mahali pazuri pa kukaa kimya asubuhi au jioni, maana wanyama huja kunywa. Wakati wa mvua tembo wengi huvuka kutoka Tsavo na kutawanyika, kwa kuwa madimbwi yako kila mahali. Jambo hilo lina maana kwa mtazama maua: vichaka vimejaa majani, na mnyama mkubwa anaweza kuwa hatua chache bila kuonekana. Hairuhusiwi kushuka kwenye gari popote ila sehemu zilizotajwa, na kutembea kwa miguu hufanywa pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha. Ziara ya kutembea na askari ndiyo njia bora kabisa ya kuyaona maua madogo, tena askari wengi wanaijua mimea kwa majina ya kwao na kwa matumizi yake. Kuendesha gari usiku hifadhini hakuruhusiwi bila kibali maalumu.

Afya nayo ina mambo yake kwa mtu wa milimani. Kwenye baridi ya Lukozi malaria ni adimu. Tambarare, hasa mvua zikiwepo, mbu ni wengi, na mwili uliokulia mlimani hauna kinga ya kutosha. Chandarua chenye dawa na nguo za mikono mirefu kuanzia magharibi ni kinga ya lazima, na homa yoyote katika wiki zinazofuata ziara ipimwe mara moja. Mbung'o wapo kwenye vichaka, nao huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea; nguo za rangi ya udongo hupunguza usumbufu. Viatu viwe vya kufunika mguu, kwa sababu ya mbigili na kwa sababu ya moma, nyoka anayelala kimya njiani. Hema lifungwe zipu wakati wote, na chakula kisiachwe ndani yake.

Adabu ya kutazama maua ni rahisi kuitaja, ila huhitaji moyo kuifuata. Hakuna kuchuma, kung'oa wala kuchukua mbegu bila kibali. Sheria za hifadhi zinakataza, na sababu yake iko wazi. Ua linalochumwa leo ni mbegu ambayo haitakuwepo udongoni mwaka mvua itakapokuja vizuri tena. Waridi la jangwani limeibwa sana porini katika nchi mbalimbali kwa ajili ya biashara ya bustani, ilhali huota kwa urahisi kutokana na mbegu za vitalu. Gari likitoka nje ya njia huacha alama mbili ambazo nyika haizifuti kwa miaka mingi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na takataka nyingine zote hurudi na mwenyewe. Anayetaka kumbukumbu apige picha akiwa amepiga magoti, asubuhi kabla ya saa nne, mwanga ukiwa bado laini na maua ya siku moja hayajafunga.

Ndani ya hifadhi mna pia eneo maalumu lililozungushiwa uzio kwa ajili ya faru weusi, waliokuwa wamemalizwa na majangili. Kazi hiyo ilianza baada ya mwaka 1989, serikali ilipomwalika Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa msaidizi wa George Adamson huko Kora, Kenya. Faru wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1997 kutoka hifadhi ya Addo, Afrika Kusini, na wengine wakafuata kutoka hukohuko, Jamhuri ya Czech na Uingereza. Fitzjohn alifariki mwaka 2022, na kazi imeendelea mikononi mwa TANAPA. Wageni sasa wanaweza kuwaona faru hao kwa utaratibu maalumu, na wengi huja kwa ajili yao. Faru mweusi hula majani na matawi ya vichaka, kwa hiyo anayemtazama faru na anayetazama maua ya nyika wanatazama mnyororo mmoja.

Historia ya hifadhi ina upande wa maumivu, na haki inataka usemwe. Mwaka 1988 wafugaji, wengi wao Wamasai, Waparakuyo na Wapare, waliondolewa katika eneo hilo pamoja na mifugo yao. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyotoa uamuzi wake mwaka 1999. Hadi leo jamii zinazoizunguka hifadhi huishi na tembo wanaovamia mashamba na mipaka isiyovukwa na ng'ombe. Mgeni anayenunua asali kwa wafugaji nyuki wa vijijini, anayemlipa kijana wa Same au Kivingo kumwongoza, anayekula kwa mama lishe wa hapohapo, anasaidia kuwafanya majirani hao wapate kitu kutokana na uzuri walioulipia kwa gharama kubwa.

Usambara una ua lake linalojulikana dunia nzima. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka Ulaya mmea mdogo wa maua ya zambarau uliookotwa katika misitu hiyo, ukaitwa Saintpaulia kwa jina lake, na leo uko madirishani kuanzia Ujerumani hadi Marekani. Hilo ni ua la kivuli na ukungu. Maua ya jua yaliyoko upande wa pili wa mlima hayajapata sifa ya namna hiyo, na wanafunzi wengi wa Lushoto humaliza shule bila kuyaona, ingawa yako karibu kuliko Kilimanjaro wanayoichora daftarini. Walimu wa biolojia na jiografia wanayo Mkomazi kama darasa lililo tayari: jinsi mlima unavyogawa mvua, jinsi mbegu inavyosubiri, jinsi popo na nyuki wanavyofanya kazi ya mkulima. Mjini Lushoto kipo kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI chenye hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa, ambako mwanafunzi anaweza kuambiwa jina la ua alilolipiga picha. Ziara ya siku mbili, ikipangwa wiki tatu baada ya mvua kubwa, kwa gari zima, maji ya kutosha na askari wa kuongoza, inatosha kuonyesha hayo yote.